Msaada: Ndege anayepita chini chini juu ya majaruba na matete, bonde la Kilombero, ni ndege gani?

#1 Mlinda Dungu, 16 Machi, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba wajuvi wa ndege mnisaidie. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu picha niliyonayo haina msaada.

Nipo bonde la Kilombero, ng'ambo ya daraja ukitokea Ifakara. Nina ekari tatu za mpunga wa Saro ambazo sasa hivi zimetia maziwa, kwa hiyo tangu wiki iliyopita mimi na binti yangu tunashinda kwenye dungu tukiamia kwelea kwelea. Binti amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule. Upande wa mashariki majaruba yangu yanapakana na bwawa la matete ambalo halikauki hata kiangazi.

Ndege wa huku nimekua nao. Yangeyange, kwarara, domodomo, mnandi, korongo wa aina zote, furukombe anayelia asubuhi mpaka ng'ambo ya mto wanamsikia. Huyu simjui. Mara ya kwanza alipita saa moja kasoro robo asubuhi, umande bado mwingi. Alikuwa chini mno, kimo cha mtu mmoja na nusu juu ya mpunga. Anapiga mabawa mara tano au sita polepole, kisha anayatandaza na kuteleza. Na akiteleza mabawa hayalali sawa, yanainuka juu kidogo pande zote mbili. Alifuata ukingo wa matete mpaka mwisho, akageuka, akarudi na mstari mwingine pembeni ya ule wa kwanza, kama mtu anayepalilia. Kichwa chote muda wote kinatazama chini.

Rangi ni kahawia iliyoiva, karibu na rangi ya kahawa. Ila kichwani ana rangi ya malai, kama aliyevaa kofia. Sijawahi kuona kofia ile kwa ndege wa kula nyama.

Kila akipita, kwelea wote wanafumuka kwa pamoja na kuhama upande wa pili. Mimi napumzisha madebe.

Shida ni kwamba hapa kijijini kila mtu ana jibu lake. Mzee wa jirani anasema ni mwewe aliyezeeka, kichwa kimeota mvi. Mama mmoja anasema si ndege wa heri kwa kuwa hatui kwenye mti. Na vijana wawili wameshaazimia kumtega, kwani kuna mtu hapa amepoteza vifaranga saba vya bata ndani ya siku nne. Nimewaomba wanipe wiki moja nijue kwanza ni nani.

Picha ya simu hiyo hapo chini. Ni doa jeusi juu ya kijani, samahani.

#2 Mpita Njia, 16 Machi, saa 2:58 usiku

Mwewe huyo mkuu. Funikeni vifaranga.

#3 Chuma cha Reli, 16 Machi, saa 3:15 usiku

Mimi nasema ni furukombe mchanga. Wengi hawajui kwamba mtoto wa furukombe hafanani na mzazi. Anakaa miaka kadhaa akiwa na rangi ya kahawia yenye madoa, ule weupe wa kichwa na kifua unakuja baadaye. Kofia unayoisema inaweza kuwa ndiyo weupe unaanza.

#4 Mtoto wa Malagarasi, 16 Machi, saa 4:02 usiku

Chuma cha Reli, umesema kweli kuhusu mtoto wa furukombe, lakini huyu siye. Nimekulia kwenye uvuvi, furukombe wachanga nimewaona kila siku ya maisha yangu mpaka nilipohamia mjini. Furukombe hata akiwa mchanga ni pande la ndege, mabawa mapana kama mkeka na mkia mfupi. Na tabia yake ni kukaa. Atakaa juu ya mti mkavu saa mbili, tatu, anangoja. Hapalilii matete huku na huko asubuhi yote. Mleta uzi amesema huyu hatui hata kwenye mti.

#5 Darubini, 17 Machi, saa 12:20 asubuhi

Mlinda Dungu, hongera kwa maelezo. Watu wengi huleta rangi peke yake, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko kitu chochote, hasa jua likiwa nyuma ya ndege. Wewe umeleta mwendo. Mwendo ule unaondoa nusu ya majina yaliyotajwa hapa.

Kabla sijasema ninachokifikiria naomba uniangalizie mambo machache. Mkia: ncha yake ina panda kama ya mwewe, au ni mviringo? Ni mrefu au mfupi ukilinganisha na mwili? Una mistari ya kukatiza au ni rangi moja? Pale mkia unapoanzia, juu ya kiuno, kuna bakabaka jeupe? Kofia ya malai inashuka mpaka kooni, au iko utosini tu? Na kuna rangi hiyo mahali pengine, mabegani kwa mfano?

La mwisho ni ukubwa. Usikadirie kwa sentimita. Ngoja apite karibu na ndege unayemjua, yangeyange anatosha, kisha uniambie nani ana mabawa marefu.

Tafadhali waombe hao vijana wasubiri.

#6 Mlinda Dungu, 19 Machi, saa 1:30 usiku

Wakuu nimerudi. Darubini, shikamoo kama umri unaruhusu.

Jana hakuja, mvua ilinyesha mpaka saa nne. Leo amekuja mara tatu, na mara ya pili tumemwona kuliko nilivyotarajia.

Tulikuwa tumekaa kimya kwenye dungu, hatujapiga debe kwa makusudi. Akatokea kona ya bwawa, akaja moja kwa moja kwa upande wetu. Alipofika kama hatua ishirini kutoka dungu akasimama hewani. Hakusimama kama mdiria anayepepea mahali pamoja; alijikunja tu, mabawa juu, mkia akautandaza kama kipepeo cha jiko, miguu ikaning'inia. Miguu mirefu, ya manjano, myembamba. Halafu akaanguka. Alitangulia miguu, akazama ndani ya nyasi za tuta mpaka hatukumwona. Ukimya. Binti akanishika mkono. Zikapita kama dakika mbili, akainuka na panya wa mpunga, mkia wa panya unaning'inia. Hakwenda mtini. Alitua chini, kwenye kichuguu kilicholiwa na maji, akala pale pale huku anatutazama.

Hapo ndipo nilipouona uso. Hana sura ya mwewe. Uso umekaa mviringo, kama bundi aliyepungua. Kofia ya malai ipo utosini na nyingine kooni, katikati inapita kanda nyeusi kutoka kwenye jicho kwenda nyuma. Mabegani, ukingo wa mbele wa bawa, ana malai pia, bega la kushoto zaidi kuliko la kulia.

Mkia ni mrefu, mwisho wake ni mviringo, hakuna panda. Bakabaka jeupe kiunoni hakuna, binti anaapa. Mistari ya mkia hatuna uhakika.

Ukubwa: yangeyange wanne walipita chini yake wakati anaondoka. Mabawa yake yanawazidi wazi wazi.

#7 Darubini, 19 Machi, saa 3:05 usiku

Marahaba mwanangu, umri unaruhusu.

Sasa tuchambue. Mwewe anaondoka kwa mkia. Mwewe wetu wa sokoni ana panda mkiani na anausokota kama usukani huku na huko, na akielea mabawa yake yanakunjika kushuka chini, hayainuki. Furukombe ameshaondolewa na Mtoto wa Malagarasi. Kuna tai mwingine anayekula samaki ambaye naye hutoka Ulaya, ana kanda nyeusi jichoni, watu humchanganya. Lakini yule tumbo ni jeupe na hujitupa majini, hashughuliki na panya wa tuta.

Anayebaki ni fungu moja la ndege ambao wataalamu huwaita Circus. Kazi yao ndiyo hiyo uliyoiona: kupita chini, polepole, mabawa yameinuka kama herufi V, kukagua majani mstari kwa mstari. Ule uso wa bundi una kazi. Manyoya yaliyopangwa kuzunguka uso hukusanya sauti na kuipeleka masikioni, kwa hiyo panya akitembea chini ya majani bila kuonekana, huyu anamsikia. Ndiyo maana anakwenda polepole na chini vile. Tai anayewinda kwa macho peke yake hana sababu ya kushuka kimo cha mtu na nusu.

Kwa Kiswahili cha kila siku tumemweka kwenye kapu moja na mwewe na kipanga. Katika uzi huu nitamwita kipanga wa matete ili tuelewane. Jina lake la kitaalamu ni Circus aeruginosus. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, ndiye aliyempa hilo la pili mwaka 1758, kwa Kilatini linahusu kutu, kwa ajili ya rangi yake. Kwenye vitabu vya Kiingereza mtafuteni kwa jina marsh harrier. Mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 115 hadi 130, yangeyange ni chini ya mita moja, kwa hiyo kipimo chako cha yangeyange kimekaa sawa.

Wako ni jike. Kahawia iliyoiva, malai utosini, kooni na mabegani: hivyo ndivyo jike mzima alivyo. Na jike ni mkubwa kuliko dume.

Si mkazi wa Kilombero. Amezaliwa Ulaya ya mashariki au Urusi huko, anakuja kwetu kati ya Septemba na Novemba kukimbia baridi, Aprili anarudi. Kwa mstari ulionyooka tu, kutoka Ukraine mpaka Ifakara ni zaidi ya kilomita 6,000.

Hata hivyo sijafunga jalada. Nasubiri mistari ya mkia.

#8 Mkaazi wa Yala, 19 Machi, saa 4:41 usiku

Darubini, naheshimu uchambuzi wako lakini hapo kwa mistari ndipo kesi yote iko. Mimi nimezaliwa kando ya kinamasi cha Yala, upande wa Siaya, Kenya. Sisi tuko na yule mwenzake wa hapa hapa Afrika, Circus ranivorus, mla vyura kwa maana ya jina lake. Huyo haendi Ulaya wala popote, anataga kwenye mafunjo. Mwendo ni ule ule, V ni ile ile, panya ni yule yule. Na mtoto wake ana malai! Anaweza kuwa na malai kisogoni na kooni, na mara nyingi ana mshipi wa rangi hiyo kifuani. Nimeona watu wenye darubini za bei wakibishana juu yake asubuhi nzima.

Kwa hivyo ndugu wa Kilombero, tazama kifua kama kuna mshipi. Tazama mapaja kama ni mekundu ya udongo. Na uangalie chini ya mabawa na mkia: wa Afrika ana mistari ya kukatiza, ya kuhesabika. Wa Ulaya, akiwa jike, mkia ni wazi, rangi moja. Pia wa Afrika ni mwembamba, mdogo kidogo.

#9 Mpita Njia, 20 Machi, saa 1:10 asubuhi

Kumbe kuna mambo. Nakaa hapa kusubiri, na lile jibu langu la mwewe nalifuta.

#10 Mlinda Dungu, 21 Machi, saa 2:15 usiku

Mkaazi wa Yala, asante sana. Bila wewe tungefunga mapema.

Leo binti ndiye aliyefanya kazi. Alichora ndege kwenye daftari, akaandika pembeni: kifua, mapaja, mkia, chini ya bawa, ili kila akipita aangalie kitu kimoja tu. Nilidhani ni utoto, kumbe ndiyo njia. Ukitaka kuona vyote kwa mara moja unaishia na doa kama picha yangu.

Mzunguko wa kwanza, kifua: mshipi hakuna, kahawia tupu mpaka tumboni. Wa pili, mapaja: kahawia sawa na tumbo, hakuna wekundu. Wa tatu alipanda juu zaidi, jua likawa upande wetu, akageuka na kuutandaza mkia. Rangi moja. Ukipigwa na jua ncha inang'aa kama shaba kidogo, lakini mstari hata mmoja hatujauona. Chini ya mabawa vilevile.

Jambo jingine ambalo hamjaniuliza. Jioni saa kumi na mbili na nusu hakuondoka kwenda mbali. Alizunguka juu ya nyasi katikati ya bwawa, mahali ambapo hata mtumbwi haufiki, akashuka chini hakuinuka tena. Ina maana analala chini?

#11 Darubini, 21 Machi, saa 2:50 usiku

Analala chini, ndiyo. Jamaa hii kwa kawaida hulala ardhini kwenye nyasi au matete, na mahali penye usalama wanaweza kukusanyika wengi. Hata kiota wanajenga chini, kwenye matete. Kwa hiyo yule mama aliyesema hatui kwenye mti ameona sawasawa kabisa. Ni kawaida yake tu, haina uhusiano na heri wala shari.

Mshipi hakuna, wekundu hakuna, mistari hakuna, malai utosini, kooni na mabegani. Mkaazi wa Yala, unasemaje?

#12 Mkaazi wa Yala, 21 Machi, saa 3:20 usiku

Nasema ni wa Ulaya, jike. Nimeridhika. Mpe huyo msichana pongezi zangu, hiyo mbinu ya daftari nitaiiba.

#13 Khareef, 22 Machi, saa 5:00 asubuhi

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, maisha yangu yako Salalah, Oman, mwaka wa kumi na nne huu. Nimesoma uzi huu nikajikuta nasema lahaula, mbona huyu namjua!

Huku kwetu bahari inapoingia ndani ya nchi kavu panakuwa na vidimbwi vikubwa vyenye matete, wanaviita khor. Kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi ndege huyu anakuwepo, hasa Khor Rori na khor nyingine za pwani. Anapita juu ya matete hivyo hivyo, bata wote wanaruka kelele tupu. Wapo wanaobaki kwetu baridi nzima na wapo wanaopita kwenda mbele. Miaka yote sijawahi kujiuliza mbele ni wapi. Leo najua wengine wanafika Kilombero, mahali nilipopita mara moja tu nikiwa kijana.

Nauliza: wanavukaje bahari? Korongo nimesikia wanaikwepa.

#14 Darubini, 22 Machi, saa 1:00 jioni

Waaleykum salaam. Umeuliza swali zuri. Korongo na tai wakubwa wanategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Wanapanda nayo wakizunguka, kisha wanateleza mbele mpaka kwenye hewa nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipo, ndiyo maana wanabanana kwenye njia nyembamba za nchi kavu. Kipanga wa matete ana mabawa marefu na membamba zaidi, mwili wake mwepesi kwa mabawa aliyonayo, anaweza kupiga mabawa kwa muda mrefu bila kuchoka kama wale. Kwa hiyo anasafiri popote pale, amesambaa, anavuka Mediterania kwenye upana wake. Hutaona msafara wa maelfu. Utaona mmoja mmoja, na ndiyo sababu watu wengi hawajui kwamba anapita juu ya vichwa vyao kila mwaka.

#15 Baridi Kali, 23 Machi, saa 7:30 mchana

Habari za huko. Naandika kutoka Norfolk, mashariki ya Uingereza, ninafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mmoja wa wazee wangu alikuwa mtu wa ndege tangu ujana na ndiye aliyenionyesha huyu kwa mara ya kwanza. Kuna habari alinipa ambayo nadhani inahusu hao vijana wenye mtego.

Mwaka 1971 Uingereza nzima ilikuwa imebakiwa na jozi moja tu inayotaga. Moja, dume na jike, kwenye matete ya Minsmere, Suffolk, wilaya jirani na nilipo. Watu walikuwa wamekausha mabwawa kwa ajili ya mashamba, waliwapiga risasi kwa miaka mingi wakisema wanakula ndege wa kuwindwa, kisha zikaja dawa za kuua wadudu za DDT. Dawa ilikuwa inapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege mdogo hadi kwake, mayai yakawa na ganda jembamba linalopasuka chini ya mama. Dawa zilipopigwa marufuku na matete yakaachwa yaote wakarudi. Leo wanahesabika kwa mamia.

Mwezi wa tano uliopita nilishuhudia jambo sitalisahau. Dume amerudi na windo. Jike akapaa kutoka kwenye kiota kumlaki, alipofika chini yake akajigeuza chali hewani, miguu juu. Dume akaachia, jike akadaka, akarudi matete. Sekunde mbili. Mzee wangu kwenye kiti chake cha magurudumu alipiga makofi.

Wa kwetu Uingereza wakihama wanaelekea zaidi upande wa magharibi mwa Afrika, na wengine hawahami kabisa, kwa hiyo wako anatoka kwingine kama Darubini alivyosema. Lakini ni ndege yule yule.

#16 Chuma cha Reli, 23 Machi, saa 2:20 usiku

Sawa wakuu, nimeshindwa kwa hoja. Lakini tusimkwepe mkulima. Je, anakula vifaranga au hali? Mtu amepoteza bata saba.

#17 Darubini, 23 Machi, saa 3:40 usiku

Sitawadanganya. Chakula chake ni panya, vyura, ndege wadogo, vifaranga vya ndege wa majini na ndege waliojeruhiwa. Kifaranga cha bata kikiachwa peke yake katikati ya maji wazi anaweza kukichukua. Lakini vifaranga saba ndani ya siku nne, karibu na nyumba, mimi ningetafuta nyayo kwanza. Kenge anaishi kwenye matete hayo hayo, na nguchiro hawako mbali.

Upande wa pili wa mizani ni panya anaowatoa kwenye tuta, na kwelea anaowafumua. Sisemi atamaliza kwelea. Kundi la kwelea halimalizwi na kipanga mmoja. Ila umeona mwenyewe.

Na jambo hili naomba lifike kwa hao vijana kwa uzito wake. Msitege kwa chambo chenye sumu. Sumu haiishii kwa mmoja. Vilevile mahali ambapo kwelea wamepuliziwa dawa, ndege wanaokula kwelea wale waliolegea hufa nao, na hawa wa kuwinda ndio wa kwanza kwa sababu mawindo yaliyolegea ni rahisi kukamata.

Ndugu zangu wa Kilombero, bonde lenu limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia tangu mwaka 2002. Kuna mnana anayeishi humo ambaye hayupo kwingine kokote, na sayansi ilimwandika mwaka 1990 tu. Mwaka 2021 wakaandikwa vijindege wengine wawili wa kwenye nyasi hizo hizo. Wakulima na wavuvi walikuwa wanapita chini yao miaka yote. Kwa hiyo mtu akiwa juu ya dungu akasema huyu simjui, mimi naacha chai nisome.

#18 Mlinda Dungu, 25 Machi, saa 1:50 usiku

Mrejesho. Jana jioni nilikwenda na vijana wale wawili kwa mwenye bata. Tukamwaga majivu kuzunguka banda. Asubuhi alama za kenge ziko wazi, kucha na mburuzo wa mkia, zimetoka kwenye mfereji mpaka mlangoni. Leo wanaziba banda kwa mabati. Mtego wa ndege wameuondoa wenyewe, sikuwalazimisha. Mmoja amekuja kwenye dungu leo mchana akaomba aonyeshwe V. Ameiona.

Mzee wa jirani bado anasema ni mwewe mwenye mvi. Nimemwonyesha mkia, akasema kila mwewe na mkia wake. Nimemwacha kwa heshima.

#19 Mlinda Dungu, 11 Aprili, saa 2:00 usiku

Ana siku sita hajaonekana. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 5, saa tatu asubuhi. Hakupalilia matete siku ile. Alizunguka kupanda juu, juu, mpaka tukamwona kama uzi, akaelekea kaskazini. Binti ameandika tarehe kwenye daftari. Mpunga tunaanza kuvuna mwanzoni mwa mwezi ujao Mungu akipenda.

#20 Khareef, 12 Aprili, saa 4:10 asubuhi

Nimetoka leo baada ya alfajiri kwenda khor. Nilimkuta mmoja, jike, malai mabegani. Najua si lazima awe yeye. Nimesimama mpaka jua likawa kali.

#21 Mlinda Dungu, 19 Oktoba, saa 1:15 usiku

Wakuu, naufufua uzi. Binti yuko kidato cha tano, bwenini, kwa hiyo safari hii niko peke yangu na daftari lake.

Leo saa kumi na moja jioni, bwawa limepungua, nyasi zimechomwa upande mmoja. Mwendo ni ule ule, kimo ni kile kile, V ni ile ile. Lakini ndege ni mwingine! Mgongo kahawia, mkia ni wa kijivu mtupu. Bawa lina rangi tatu: karibu na mwili kahawia, katikati kijivu cha fedha, ncha nyeusi kama zimechovywa kwenye wino. Ni mdogo kidogo kuliko yule wa Machi. Kiunoni hakuna weupe, nimeangalia hilo kwanza kabla ya yote. Alipita mara mbili akashuka kwenye nyasi za katikati, pale pale yule alipokuwa analala.

Darubini, Mkaazi wa Yala, mpo?

#22 Mkaazi wa Yala, 19 Oktoba, saa 1:32 usiku

Nipo! Rangi tatu kwa bawa? Huyo ni dume, ndugu. Dume mzima wa yule yule. Sisi huwaona wachache kuliko majike.

#23 Darubini, 19 Oktoba, saa 1:50 usiku

Dume, bila shaka yoyote. Mwandikie binti leo hii. Kisha kesho uwe kwenye dungu kabla ya saa kumi na mbili, uhesabu wangapi wanainuka kutoka kwenye nyasi zile.

#24 Mlinda Dungu, 20 Oktoba, saa 12:55 asubuhi

Wanne. Dume mmoja, majike wawili, na mmoja mweusi karibu wote, utosi wa dhahabu, mabegani hana kitu. Huyu wa nne ni nani?

#25 Darubini, 20 Oktoba, saa 1:04 asubuhi

Mtoto wa mwaka huu. Ametoka kwenye yai mwezi wa tano au wa sita, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza.